Baiskeli ya Mbio, Nairobi hadi Mombasa

Swali: Nina baiskeli ya mbio yenye tairi za milimita 25. Je, itanifikisha Mombasa na mizigo, au ninunue nyingine?

Jibu: Usinunue, punguza mizigo. Umbali hauishindi baiskeli ya mbio. Safari ya baiskeli ya Paris-Brest-Paris, iliyoanza 1891, ni kilomita 1,200 ndani ya saa 90, na wengi huimaliza kwa baiskeli kama yako. Kinachoishinda ni kilo. Gurudumu la nyuma hubeba sehemu kubwa ya uzito, na spoki za upande wa cheni, zinazokazwa zaidi, ndizo hukatika kwanza. Tena fremu ni fupi nyuma: ukifunga mikoba ya pembeni, kisigino kitaigonga kila ukikanyaga pedali. Afadhali mfuko mmoja chini ya siti na mwingine kwenye usukani. Lala gesti; hema libaki nyumbani.

Utasema barabara ina mashimo. Kweli, na kwa hilo 25 ni nyembamba mno. Pima nafasi iliyopo kwenye breki na foki. Baiskeli nyingi za mbio hupokea tairi za 28, nazo hujazwa upepo mdogo kuliko za 25 bila tabu. Pingamizi zito ni vipuri. Tairi ya inchi “28” inayoning'inia kwa fundi wa Mtito Andei, njiani, kwa kawaida ni ya zile baiskeli nyeusi za mizigo: ringi yake ni milimita 635, yako 622. Haitakaa, hata fundi akiapa. Beba tairi ya kukunja, tyubu mbili na spoki za akiba. Milima isikutishe sana, maana Nairobi iko juu na unashuka pwani. Kurudi kwa gia nzito za baiskeli ya mbio ndiko adhabu.