Picha ya Setilaiti ni Habari: Nani Ameipokea kwa Nani?



Katika klabu ya jiografia na kuhisi kwa mbali hapa chuoni, mimi peke yangu ndiye ninayesoma masomo ya Kiislamu. Wenzangu wanasoma mazingira, upimaji wa ardhi na kompyuta. Ndugu zangu wa jumuiya wameniuliza mara nyingi ninatafuta nini kule, na wengi hujijibu wenyewe: kibla. Kibla cha Mbale ni takribani digrii 15 kutoka kaskazini kuelekea mashariki, na cha Kampala ni takribani 18. Hesabu hiyo ni ya dakika chache na haihitaji klabu. Ninachotaka tukisome hapa ni kitu kingine, nacho kiko karibu zaidi na elimu ya hadithi kuliko watu wanavyodhani.

Kuhisi kwa mbali ni kupata habari za kitu bila kukigusa wala kukifikia. Setilaiti hupita juu, hupokea mwanga unaorudi kutoka ardhini, na kuugeuza kuwa namba. Setilaiti za Landsat za Marekani zimefanya kazi hiyo tangu 1972, na tangu 2008 picha zake hutolewa bure. Ulaya nao wana Sentinel-2, iliyoanza kurushwa 2015, ambayo kila nukta ya picha yake bora, yaani pikseli, ni mraba wa mita 10 kwa 10. Mwanafunzi mwenye bando na subira anaweza kuipata picha ya kijiji chao.

Sasa tuutazame huo mraba mmoja. Ndani yake kuna nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi, upana wake mita tano hivi, imezungukwa na migomba na mibuni. Setilaiti haitoi namba ya nyumba na namba ya mgomba. Hutoa namba moja ya mchanganyiko wote, na kwa mraba huu jibu litakuwa majani. Haikusema uongo. Sisi tunamjua mpokezi wa namna hii: mwadilifu, hana tuhuma yoyote, lakini dhabti yake ina mpaka. Wanazuoni wa hadithi hawakuridhika na uadilifu wa mpokezi peke yake, walitaka pia kujua anahifadhi kwa usahihi kiasi gani. Dhabti ya huyu wetu ni mita 10.

Kwetu chini ya Mlima Elgoni jambo hili ni la watu kufa na kupona. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka katika kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Usiku wa kuamkia 31 Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika hapa hapa Mbale. Katika misiba kama hiyo waokoaji huhitaji kujua mapema: palikuwa na nyumba ngapi hapa? Kama ramani haina kitu, yule anayepanga msaada kutoka mbali husoma sifuri.

Ili kuziba pengo hilo, watu wa kujitolea duniani kote huchora nyumba na barabara katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa 2004. Vyuo vingi vina vikundi vya kazi hiyo chini ya mtandao wa YouthMappers ulioanza 2015. Mchoraji hufungua picha kali kuliko ile ya mita 10, na huchora kila paa analoliona. Ni kazi ya kheri na ninaifanya. Lakini bati jipya humeta hata ukilitazama haraka, na paa la nyasi chini ya migomba hufanana na kivuli. Mchoraji aliye nchi ya mbali, asiyewahi kuona boma la mlimani, ataliacha. Basi wanaokosekana kwenye ramani huwa ni wale wale wasio na uwezo wa kununua bati, na mara nyingi ndio hao waliojenga kwenye mteremko mkali kwa sababu ardhi tambarare ina wenyewe.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuichunguza habari tuliyoletewa ili tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Wengi wetu tunasoma fatabayyanu, takeni ibainike. Katika kisomo cha Hamza na al-Kisai ni fatathabbatu, kuweni na uthabiti, msiharakishe. Aya inazungumzia habari ya fasiki, na chombo hakiitwi fasiki, lakini sababu iliyotajwa, watu kudhurika kwa kutojua kwetu, ipo hapa pia. Nami naona klabu inahitaji visomo vyote viwili: kwenda kubainisha kwa miguu, na kusubiri picha ya pili kabla ya kutangaza lolote.

Kusubiri huko ni kwa sababu ya mawingu. Siku ambayo mlima unaporomoka ni siku ya mvua, na siku ya mvua Sentinel-2 huona pamba tupu. Ipo Sentinel-1 yenye rada inayopenya mawingu, ila kuisoma picha ya rada ni fani nyingine kabisa, na kwenye miteremko mikali nayo ina sehemu isizoziona. Hapa kanuni yetu ya kale inafaa sana: kutojua kuwepo kwa kitu si kujua kwamba hakipo. Nimewahi kuisema kwenye kikao cha klabu, na mwenzetu wa upimaji akaiandika ubaoni juu ya orodha ya kazi. Haijafutwa mpaka leo.

Tuje kwenye isnadi. Kila picha ya setilaiti huja na maelezo yake: chombo gani kimeipiga, tarehe na saa, mawingu asilimia ngapi, nani ameisafisha na kwa njia gani. Katika OpenStreetMap kila mabadiliko huhifadhiwa pamoja na jina alilojisajilia mchoraji na tarehe, na mchoraji makini hutaja pia chanzo chake. Asiyeangalia maelezo hayo ni kama anayetoa hadithi bila kujua kaipata kwa nani. Ulinganisho huu una mwisho wake: sisi tunachunguza maisha ya mpokezi, wao huchunguza kazi yake tu. Hata hivyo al-Idrisi angewaelewa. Alipotengeneza jiografia yake kwa ajili ya mfalme Roger wa Sicily, iliyokamilika 1154, wasafiri waliulizwa mmoja mmoja na kwa pamoja, na yale waliyoafikiana ndiyo yaliyoandikwa. Malindi na Mombasa zimo katika kitabu hicho.

Nasi tunafanya kwa mfano huo. Tukipanda mlimani tunakwenda wawili wawili, kila kundi na simu yake, kisha tunalinganisha. Chini ya migomba na ndani ya bonde jipiesi ya simu hukosea kwa mita kadhaa, kwa hiyo pasipoafikiana panarudiwa.

Kuna swali ambalo halijatulia, nalo huulizwa na wazee. Baada ya msiba wa 2010 baadhi ya familia za Bududa zilihamishiwa Kiryandongo, na miaka ya baadaye nyingine zikapelekwa Bunambutye. Kwa hiyo mzee anayekuona na simu shambani kwake huuliza: mnatupima ili mtuhamishe? Jibu la kweli ni kwamba ramani huria huonwa na kila mtu, akiwemo mwenye nia hiyo. Klabu imekubaliana haiandiki jina la mwenye nyumba wala idadi ya wanaoishi humo, na hatuchori bila kuomba ruhusa. Aya ya 12 ya sura ile ile, inayokataza kupeleleza, ilinisaidia kulieleza hili. Mwenzangu mmoja hupinga: paa linaonekana angani, ruhusa ya nini? Namjibu kwamba kuonekana ni jambo moja na kutangazwa ni jingine. Binafsi naona paa lichorwe, kwa kuwa kuhifadhi nafsi kunatangulia, lakini baada ya mwenye nyumba kuambiwa bayana ramani ni ya nini na nani ataiona.

Klabu hukutana Jumamosi baada ya Adhuhuri. Tunawahitaji wanaozungumza Lumasaba, maana setilaiti haijui jina la kijito wala la kilima. Tunawahitaji dada zetu zaidi, kwa sababu mchana nyumba nyingi za mlimani huwa na akina mama peke yao, na kaka akibisha hodi hujibiwa kwa ufupi. Njooni na simu yenye chaji na viatu vya matope.