SOMO LA SABA: Baiskeli ya Umeme na Pancha: Chanzo Ndicho Kinachoamua Nani Alipe

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza kuchagua baiskeli ya umeme inayoweza kutengenezwa mahali anapoishi, kushughulikia pancha bila kuharibu mota, kutambua chanzo cha pancha kwa kuangalia tundu lenyewe, na kudai haki yake pale ambapo chanzo ni kasoro ya bidhaa.

Utangulizi

Baiskeli ya umeme ni baiskeli iliyoongezewa mota na betri ili kumpunguzia mwendeshaji nguvu za kukanyaga. Katika uwanda wa juu wa Ufipa, ambako mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na njia zake ni za kupanda na kushuka, msaada huo una thamani kubwa. Hata hivyo, mota haizuii mwiba. Mwenye baiskeli ya umeme atapata pancha kama jirani yake mwenye baiskeli ya kawaida, na mara nyingi pancha hiyo itamsumbua zaidi.

Sababu ni tatu. Kwanza, baiskeli ya umeme ni nzito. Nyingi hufikia kilo 20 hadi 25, hivyo tairi hubeba mzigo mkubwa zaidi na kuisukuma kwa mguu mlimani ni kazi. Pili, nyingi zina mota ndani ya habu ya gurudumu, mara nyingi la nyuma, na gurudumu hilo haling'oki kabla ya kukata umeme na kuchomoa waya. Tatu, baiskeli za umeme zilizoundwa kwa ajili ya barabara za lami huwa na matairi membamba, ilhali safari nyingi za Rukwa huanzia au huishia kwenye changarawe na vumbi.

Kwa hiyo kiraka cha gharama ndogo, kikiwekwa vibaya, kinaweza kuzaa hasara ya waya wa mota uliokatika. Hapo ndipo hugombana mnunuzi na muuzaji: je, ni matumizi mabaya au ni bidhaa mbovu?

Kabla ya kununua

Mlaji aliyeko Sumbawanga, Laela, Matai au Namanyere anayenunua baiskeli kutoka Dar es Salaam yuko mbali na muuzaji wake kwa zaidi ya kilomita 1,000. Kuirudisha ni gharama. Basi maswali yaulizwe kabla fedha hazijatoka mfukoni.

1. Ukubwa wa tairi. Usiridhike na maneno "inchi 28". Baiskeli kubwa za kawaida zinazotumika vijijini huwa na tairi lenye maandishi 28 x 1½, na baiskeli za barabarani huwa na tairi la 700C ambalo pia baadhi ya watengenezaji huliita 28. Matairi haya hayabadilishani. Soma namba yenye kistari iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 40-635 ni la baiskeli ya kawaida, na 37-622 ni la 700C. Namba ya kwanza ni upana wa tairi, na ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, zote kwa milimita. Namba ya pili isipolingana na ya rimu yako, tairi halitakaa.

2. Aina ya valvu. Zipo tatu: valvu ya baiskeli ya kawaida, valvu nene kama ya pikipiki na gari, na valvu nyembamba ndefu yenye nati ndogo kichwani, ambayo ni ya kawaida katika baiskeli za barabarani. Valvu nyembamba hupita kwenye tundu la rimu la takriban milimita 6, na zile nyingine huhitaji takriban milimita 8. Tyubu yenye valvu nene haiingii kwenye tundu jembamba, na kutoboa rimu ili iingie huweza kuidhoofisha. Kama rimu ni ya valvu nyembamba, nunua tyubu za akiba pamoja na baiskeli, na kichwa cha pampu kinachofaa.

3. Mahali mota ilipo. Mota iliyo katikati, kwenye pedeli, huacha magurudumu yote mawili yang'oke kwa urahisi. Mota iliyo ndani ya habu huhitaji spana kubwa na uangalifu. Mwombe muuzaji akuonyeshe jinsi gurudumu hilo linavyong'olewa. Akishindwa yeye, usitarajie fundi wa kijijini kubahatisha.

4. Nafasi ya tairi pana. Uliza kama fremu inaruhusu tairi la milimita 35 hadi 40 badala ya 28. Tairi pana zaidi hujazwa upepo kwa shinikizo dogo zaidi na huvumilia changarawe.

5. Hati ya dhamana. Soma inachotaja na inachokitenga. Ni jambo la kawaida kwa dhamana kutohusu matairi na tyubu. Uliza kwa maandishi: je, kuziba pancha kwa fundi asiye wa kampuni kunafuta dhamana ya mota?

Eleza pia, kwa ujumbe wa maandishi unaoweza kuutunza, kazi utakayoifanyia baiskeli: njia utakazopita na mzigo utakaobeba. Umuhimu wa ujumbe huo utaonekana mbele.

Pancha inapotokea

Simama mara moja. Kuendesha tairi likiwa halina upepo hupasua tyubu, huharibu tairi na huweza kupinda rimu. Kisha fuata hatua hizi.

Zima umeme na uchomoe betri kabla ya kugusa gurudumu. Usiipindue baiskeli kichwa chini kama ilivyo desturi, kwa kuwa kioo cha mwendo, swichi na waya za breki kwenye usukani zinaweza kuvunjika. Ilaze kwa upande usio na mnyororo, au iegemeze.

Mara nyingi hakuna haja ya kung'oa gurudumu lenye mota. Toa upepo uliobaki, bandua upande mmoja tu wa tairi, vuta tyubu nje, tafuta tundu, kwangua kwa msasa, paka solusheni, iache ikauke kidogo, kisha bandika kiraka na ukikandamize. Njia hii huepusha kugusa waya wa mota kabisa. Mweleze fundi wako hivyo kabla hajashika spana.

Ikilazimu kung'oa gurudumu, piga picha kwa simu kuonyesha mpangilio wa nati na washa. Waya wa mota hutenganishwa kwenye kiungio chake kwa kuvutwa moja kwa moja, bila kupindwa. Viungio vingi vina alama za mishale ambazo lazima zitazamane wakati wa kurudisha. Washa zenye ulimi na kipande cha chuma kinachoishika ekseli visisahauliwe wala kugeuzwa. Kazi yake ni kuzuia ekseli isizunguke mota inapovuta. Nati zikilegea au washa zikikosekana, ekseli inaweza kuzunguka, ikakata waya na kuharibu fremu.

Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi taratibu kutafuta mwiba uliobaki. Kuziba tyubu na kuacha mwiba ndani ya tairi ni kuandaa pancha ya kesho.

Jinsi ya kusoma tundu

Kabla ya kuziba, angalia tundu liko wapi kwenye tyubu na lina umbo gani. Ili kulinganisha kwa urahisi, zoea kufunga tairi chapa yake ikiwa mkabala na valvu. Hapo utajua tundu la tyubu linaangukia sehemu gani ya tairi na ya rimu.

Tundu dogo moja upande wa nje, unaogusa tairi, ni la kitu kilichochoma: mbigili, mwiba wa mgunga, msumari, kigae cha chupa. Kandokando ya barabara kuu ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, kama kando ya barabara yoyote ya malori, angalia pia vipande vyembamba vya waya vinavyotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Ni vidogo mno kuonekana, lakini kidole kitavihisi.

Matundu mawili yanayotazamana ni ya kubanwa. Tyubu imebanwa kati ya rimu na jiwe au ukingo wa shimo. Chanzo kikubwa ni upepo mdogo au mzigo mkubwa.

Tundu upande wa ndani, unaogusa rimu, halitokani na njia. Hutokana na ncha ya spoki iliyojitokeza, ukali wa chuma, au utepe wa rimu uliokaa vibaya na kuacha matundu ya spoki wazi.

Kupasuka kwenye shina la valvu hutokana na tundu la rimu lenye makali, valvu isiyolingana na rimu, kuendesha tairi likiwa na upepo mdogo hadi tyubu ikajivuta, au tyubu duni.

Kupasuka ghafla wakati wa mteremko mrefu, kwa mfano katika kuushuka ukingo wa uwanda kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, huweza kutokana na joto la breki zinazobana rimu. Shuka kwa mwendo mdogo na upumzishe breki njiani.

Nani alipe?

Tuchukue mfano wa walaji wawili walionunua baiskeli za aina moja. Wa kwanza amepata pancha tatu katika mwezi mmoja akitoka Ntendo kwenda Muze. Matundu yote yako upande wa nje, mahali tofauti, na miiba imeonekana. Hizo ni gharama za matumizi; muuzaji hadaiwi. Wa pili naye amepata pancha tatu katika mwezi mmoja, lakini matundu yote yako upande wa ndani, mahali pale pale, penye ncha ya spoki. Hiyo ni kasoro ya gurudumu. Neno "pancha haina dhamana" halimjibu mlaji wa pili, kwa sababu anacholalamikia ni rimu na spoki, na pancha ni dalili tu.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji wa bidhaa hizo matumizi anayokusudia, akategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo kwa kiwango cha kuridhisha. Ndiyo maana ujumbe ulioeleza njia zako na mzigo wako ni ushahidi. Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, haimlindi kwa urahisi mnunuzi aliyeikagua bidhaa akaacha kasoro iliyokuwa wazi machoni. Basi kagua kabla ya kupokea. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji, kama vile kuuza tairi la kawaida kwa maelezo kwamba halipati pancha.

Jinsi ya kuwasilisha malalamiko

Tunza risiti ya mashine ya kielektroniki, hati ya dhamana, ujumbe mliotumiana, na tyubu zenyewe zilizotoboka. Usizitupe. Piga picha ya tundu likiwa mkabala na mahali palipolisababisha, na uandike tarehe. Mtaarifu muuzaji kwa maandishi mara tu unapogundua kasoro, ukieleza unachotaka: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Usiendelee kuitumia baiskeli yenye kasoro hiyo kwa muda mrefu, maana muuzaji atadai umeikubali.

Muuzaji asipojibu, peleka suala kwa Tume ya Ushindani (FCC) ikiwa umepotoshwa au umeuziwa bidhaa bandia, au kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ikiwa bidhaa ina shaka ya ubora na usalama. Afisa biashara wa halmashauri yako anaweza kukuelekeza mahali pa kuanzia.

Kinga

Pima upepo walau mara moja kwa wiki, ukifuata kiwango kilichochapwa ubavuni mwa tairi. Upepo mdogo pia humaliza betri mapema. Kwenye mashine ya upepo ya magari, jaza kidogo kidogo, kwa kuwa tyubu ya baiskeli hujaa kwa sekunde chache na huweza kupasuka. Majimaji ya kuziba matundu yakitiwa ndani ya tyubu husaidia kwa miiba midogo, lakini hayafai kwa mpasuko, na hufanya kiraka kisishike vizuri. Badilisha tairi nyuzi zake zinapoanza kuonekana. Safirini na tyubu ya akiba, viraka, solusheni, pampu na spana ya nati za mota, kwa maana spana hiyo huenda isipatikane njiani.

Maswali ya kujipima

1. Tairi lako lina namba gani yenye kistari, na je, duka la karibu nawe linauza tairi na tyubu za namba hiyo?
2. Kwa nini si vema kuipindua baiskeli ya umeme kichwa chini?
3. Tyubu yako imetoboka mara mbili upande wa ndani, mahali pale pale. Utamwandikia muuzaji nini, na utaambatisha nini?
4. Tyubu yako ina matundu mawili yanayotazamana. Je, utamdai muuzaji, au utaanza na pampu?