Fizikia ya Unyayo Usiouma

Wanachuo wenzangu, nilipokuwa fildi nilifundisha Fizikia Kidato cha Kwanza. Mada ilikuwa kanieneo. Nikatoa mfano ule tuliofundishwa sote: kisu butu na kisu kikali. Kani ni ileile, ila makali yana eneo dogo, ndiyo maana yanakata. Mwanafunzi mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili, kinyume na kanuni za shule: "Mwalimu, bibi yangu ana kisukari, na mguu umetoboka kwa chini kama umechomwa kisu. Mbona hakukanyaga kitu?"

Nilimwambia nitamjibu kesho. Ukweli ni kwamba swali lile nilikuwa nalo tangu sekondari. Baba mkubwa alivua kiatu jioni moja, kikadondoka kizibo cha soda. Alikuwa ametembea nacho kutwa nzima. Sisi watoto tulicheka, naye akacheka. Mwaka haukuisha, akakatwa mguu chini ya goti. Nyumbani wengine walisema amerogwa. Jibu nililompelekea mwanafunzi wangu ndilo hili.

Uzito uleule, eneo dogo

Unapotembea, ardhi hukusukuma kwa kani inayozidi kidogo uzito wako, mara mbili katika kila hatua: kisigino kinapotua na sehemu ya mbele inapojisukuma. Tuchukue mfano rahisi. Mtu wa kilo 70 ana uzito wa nyutoni 700 hivi. Ugawe kwenye sentimita za mraba 100 za unyayo, kila sentimita inabeba nyutoni 7. Ubane kwenye sentimita 20, kila moja inabeba 35. Mtu hajanenepa hata kidogo, lakini kanieneo imepanda mara tano.

Kisukari ndicho kinachofanya kazi hiyo ya kubana. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu neva, na zile ndefu za miguuni huanza kuathirika. Zinazoendesha misuli midogo ya mguu zikiharibika, misuli inanyauka na vidole vinajikunja kama kucha za ndege. Vichwa vya mifupa vilivyo nyuma ya vidole vinajitokeza chini, na ule mto wa mafuta unaovikinga unasogea mbele. Viungo navyo vinakakamaa. Neva za jasho zikifa, ngozi inakauka na kupasuka.

Panapobanwa panaota sugu, na sugu yenyewe inakuwa kama kokoto iliyogandishwa chini ya mguu. Watafiti wamepima: ikipunguzwa na mtaalamu, kanieneo pale inashuka kwa takriban robo. Tena kuna kani ya kusugua. Ngozi imeshikwa na sakafu, mfupa unataka kwenda mbele, na nyama ya katikati inachanika taratibu. Kidonda kinaweza kuanzia ndani, nje ukaona sugu tu.

Maumivu yangemwambia

Utasema, hata mimi nina sugu, mbona sijatoboka? Kwa sababu wewe ukibanwa unachechemea. Unahamisha uzito bila hata kufikiri. Yule ambaye neva zake zimekufa anakanyaga palepale, maelfu ya hatua kwa siku, kesho tena. Ukimwambia apumzishe mguu, anaona unamwonea, maana hauumi!

Paul Brand, daktari mpasuaji Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914, aliliona hili kwa wagonjwa wa ukoma kule Vellore. Watu waliamini ukoma unaozesha vidole. Yeye akaonyesha kwamba vingi viliharibika kwa majeraha ambayo mwenyewe hakuyasikia. Baadaye, akiwa Carville, Marekani, maarifa hayohayo yakawafaa wenye kisukari. Ndiyo maana kidonda cha namna hii huweza kutibiwa kwa kufungwa plasta ngumu inayokumbatia mguu wote: uzito unasambaa, palipotoboka panapumua. Dawa peke yake haitoshi kama mgonjwa bado anakanyagia kidonda. Kukiwa na vijidudu, na mishipa ya damu imeziba, ndipo watu wanapofikia kukatwa.

Kwa hiyo bibi hakukanyaga kisu. Alikanyagia mfupa wake mwenyewe.

Miguso sita

Ukienda likizo, mfanyie mzazi mwenye kisukari jaribio hili. Afumbe macho. Mguse kwa wepesi, sekunde moja au mbili, ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho, mguu mmoja kisha wa pili. Usisukume. Kila anaposikia aseme. Akikosa viwili au zaidi kati ya sita, mpeleke kliniki, hata kama hana kidonda. Na hata akisikia vyote, asiache kupimwa miguu kliniki kila mwaka.

Halafu yale ya kila siku: akague nyayo, kwa kioo ikibidi, aingize mkono kwenye kiatu na kukikung'uta kabla ya kuvaa, asitembee peku hata ndani, asikate sugu kwa wembe, asikande mguu kwa maji ya moto.

Mimi nilimfanyia mama likizo iliyopita. Alikosa vitatu. "Kwani umeshaanza kunigusa?" aliniuliza, macho bado kayafumba. Jumatatu yake tulikuwa kliniki.