Unga chini ya mbao za mninga

SWALI: Nina mbao za mninga nilizoanika kivulini hapa Dodoma. Sasa naona matundu madogo na unga chini yake. Je, ni mchwa? Nizitupe?

JIBU: Usitupe. Mchwa angeacha udongo na vichuguu vya tope. Unga laini kama wa sembe, na matundu ya milimita 1 hadi 2, ni kazi ya bungua. Tazama yalipo matundu. Mninga una sehemu mbili: ile nyeupe ya pembeni yenye wanga, na kiini cha kahawia. Bungua hufuata wanga, kiini hakitaki. Kwa hiyo ukiranda au kupasua weupe wote na kuuchoma moto siku hiyohiyo, umemaliza sehemu kubwa ya tatizo.

Kabla ya hapo, piga brashi mbao, tandaza karatasi nyeusi chini, usizisogeze kwa wiki chache. Unga mpya ukionekana, mabuu wangali hai ndani.

Weupe usioweza kuuondoa, upake dawa yenye boroni mara mbili kwa kipimo cha kwenye lebo, mbao ikiwa tupu. Rangi na vanishi huizuia kupenya. Oili chafu haimfikii buu aliye ndani, na itakuharibia fanicha. Mwenye tanuru ya kukaushia mbao atamaliza haraka zaidi: nyuzijoto 56 hadi katikati ya ubao, kwa dakika 30.

Jua la Dodoma hukausha mbao vizuri, lakini bungua huishi kwenye mbao kavu. Mbao mpya usizipange karibu na hizo.