Mpunga, Reli na Majirani: VVU katika Bonde la Kilombero

Reli ya TAZARA inayopita Makambako, mkoani Njombe, ndiyo hiyo hiyo inayopita Mlimba na Ifakara, bondeni kwetu. Ng'ambo ya milima ya Udzungwa ni Iringa. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe wanaishi na VVU, na 11.1 Iringa. Kwa nchi nzima ni 4.4. Mkoa wetu wa Morogoro uko chini sana ya majirani hao.

Kwa nini kule juu zaidi? Barabara kuu ya Zambia, vibarua wa mashamba ya chai na miti waliotoka mbali, na wanaume wengi ambao zamani hawakutahiriwa. Tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60, lakini haimalizi hatari.

Tusiwanyooshee kidole. Asilimia hiyo huhesabu walio hai, na anayemeza dawa za kufubaza VVU (ARV) vizuri huishi na kuhesabiwa kila utafiti unapofanyika. Penye vifo vingi, hesabu hushuka, na hakuna wa kuishangilia.

Sisi nasi tuna njia zetu za maambukizi. Msimu wa mpunga, baba au mama huhamia kibandani shambani kwa miezi kadhaa, watoto wakibaki na bibi mjini. Wavuvi huweka kambi mtoni, wakata miwa hukusanyika Kidatu. Mavuno yakiuzwa, wanunuzi wa mchele huja na pesa, na pesa nyingi mbali na nyumbani huleta wapenzi wapya. Mume na mke wapime pamoja kabla mmoja hajakwenda shamba, na tena wakikutana. Anayeona haya kituoni anaweza kutumia kipimo cha kujipima, kisha athibitishe majibu kwa mhudumu.

Anayetumia ARV aiambie kliniki mapema kuwa anakwenda shamba, apewe dawa za miezi mitatu au zaidi. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, imekuwa ikihudumia watumiaji wa ARV kwa zaidi ya miaka 15. Safari za shamba wanazijua. Dawa zikimezwa kila siku hadi kipimo kisione virusi, mwenzi haambukizwi kwa kujamiiana.

Aliyepasukiwa na kondomu, au aliyebakwa, asingoje gulio la wiki ijayo ndipo aje mjini: dawa za kinga ya dharura huanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake.