Nijenge Kijijini au Nibaki Mjini?

*Mwakani natimiza miaka 60 na kustaafu utumishi wa umma. Nataka kutumia mkupuo wangu wa pensheni kujenga kijijini, Rombo, lakini mke wangu hataki kuondoka Dar es Salaam. Nina shinikizo la damu. Nifanyeje? Msomaji, Temeke*

Ndugu msomaji, unaogopa kumalizia mkupuo kwenye nyumba ambayo mwenzio hataishi. Hofu hiyo ina msingi, kwani pensheni ya mwezi haitarudisha fedha iliyokwisha kuwa tofali. Ningeanza na kliniki, si kiwanja: shinikizo la damu hudai vipimo na dawa kila mara, na kutoka Rombo hadi hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, ni safari ya kupangwa. Utasema kijijini maisha ni nafuu. Chakula, ndiyo, lakini nauli, michango ya ukoo na vibarua wa shamba huongezeka, na shoga za mkeo, ambao ndio uzito wa hoja yake, wanabaki Dar. Basi pangeni chumba huko Rombo miezi sita, masika yakiwemo, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Muulize daktari dawa zako zitapatikana wapi. Kihamba, yaani shamba la ukoo, kikiwa na mgogoro wa urithi, mwone mwanasheria kwanza.