Polinomia Katika Kompyuta: Tupime Maji ya Ndiva



  

Ndugu wanafunzi, somo letu ni namna ya kufanya kazi na polinomia kwa kutumia NumPy. NumPy ni maktaba ya zana za hesabu inayotumika ndani ya lugha ya kompyuta iitwayo Python. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2006, na hutolewa bure. Wazazi mnaosoma gazeti hili nyumbani, msiuruke ukurasa huu. Mfano wetu ni maji, na hapa Same hakuna asiyejua thamani ya maji.

Milimani mvua hunyesha, lakini huku chini tambarare ni kukavu. Kwa sababu hiyo wazee wetu wa Kipare walichimba ndiva, yaani bwawa dogo linalokusanya maji ya mfereji usiku kucha. Asubuhi hufunguliwa, na wakulima wakamwagilia kwa zamu. Ndiva ya Manoo kule Bangalala ni mojawapo. Sasa mwenye zamu amesimama ukingoni na fimbo yake. Fimbo inampa kina cha maji, lakini haimwambii ni maji kiasi gani, wala kama yatamtosha yeye na wenzake walio nyuma yake.

Tuchukue ndiva ndogo ya mfano. Sakafu yake ni mita 4 kwa mita 6. Kuta zake zimelala kwa nje, hivyo kila ukipanda mita 1, upana unaongezeka mita 2 na urefu unaongezeka mita 2. Kina cha maji tukiite k. Eneo la uso wa maji litakuwa (4 + 2k) mara (6 + 2k), na ukizidisha unapata:

24 + 20k + 4k²

Hiyo ndiyo polinomia. Namba 24, 20 na 4 huitwa vizigeu. NumPy haihifadhi herufi k hata kidogo. Inahifadhi safu ya vizigeu peke yake, 24, 20, 4, na nafasi ya kila namba ndiyo inayoonyesha kipeo chake. Kama kipeo fulani hakipo, nafasi yake hujazwa sifuri. Kwa hiyo 24 + 4k² huandikwa 24, 0, 4. Ukiisahau hiyo sifuri, 4 inasogea na kuwa kizigeu cha k, na hesabu yote imeharibika.

Msidhani jambo hili lilianza na kompyuta. Al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr mjini Baghdad katika karne ya 9, na mwenyewe alieleza kuwa elimu hiyo inahitajika katika mirathi, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. (Mifereji! Angekuwa na mengi ya kuzungumza na wazee wa Upare.) Baada yake alikuja al-Karaji, aliyeendeleza hesabu za vipeo. Kisha katika karne ya 12 akaja al-Samaw'al, mzaliwa wa Baghdad kutoka familia ya Kiyahudi, ambaye alisilimu mwaka 1163. Alisoma vitabu vya al-Karaji, na alipokuwa na umri wa miaka 19 tu akaandika kitabu kiitwacho al-Bahir. Humo alipanga vizigeu katika jedwali, kila kipeo na safu yake, na palipokosekana kitu akaweka sifuri. Kisha akajumlisha, akatoa na kugawanya kwa kufuata nafasi. Aliyefahamu jedwali lile hatapata taabu na NumPy.

Haya, tukae kwenye kompyuta. Andika:

from numpy.polynomial import Polynomial
uso = Polynomial([24, 20, 4])
maji = uso.integ()
maji(1.5)

Mstari wa tatu ndio wenye kazi kubwa. Amri ya integ hukusanya matabaka yote ya maji kutoka sakafuni hadi juu, na kutupatia polinomia mpya ya ujazo: 24k + 10k² + (4/3)k³. Mstari wa mwisho unauliza: kina kikiwa mita 1.5, maji ni kiasi gani? Jibu ni mita za ujazo 63, yaani lita 63,000. Hakikisha kwa kalamu: 36 + 22.5 + 4.5.

Hapa tuwaeleze kosa tulilolifanya sisi wenyewe tulipokuwa tunaandaa somo hili. Ndani ya NumPy kuna zana mbili za polinomia. Hiyo Polynomial husoma vizigeu kuanzia kipeo kidogo kwenda kikubwa. Zana ya zamani, poly1d, husoma kinyume chake, kuanzia kipeo kikubwa. Tulichukua safu ya ujazo, 0, 24, 10, 4/3, tukaitia katika poly1d bila kuigeuza. Kompyuta haikulalamika. Ilitupa 70.33, nasi tukaridhika, kwa sababu namba hiyo inafanana na kweli. Lakini ni zaidi ya lita 7,000 ambazo hazimo ndivani. Aliyegawa zamu kwa hesabu hiyo angemwacha mtu wa mwisho na mfereji mkavu, naye angedhani ameibiwa na jirani yake.

Tulilijuaje kosa? Tuliuliza kina cha 0. Ndiva tupu haina maji, lakini hesabu yetu ilijibu mita za ujazo 1.33! Tangu siku hiyo kila polinomia tunayoiandika tunaijaribu kwanza kwa namba ambayo jibu lake tunalijua. Waandishi wa NumPy nao wanashauri kutumia Polynomial katika kazi mpya, na ushauri huo tumeufuata.

Limebaki swali la upande wa pili. Kama mashamba ya leo yanahitaji mita za ujazo 50, tungoje maji yafike kina gani? Andika:

(maji - 50).roots()

Majibu yatakuja matatu, kwa kuwa kipeo kikubwa ni 3. Mawili yana herufi j yenye namba isiyo sifuri: hizo ni namba changamano, na hakuna fimbo ya kuzipima. La tatu ni takriban 1.28, nalo huenda likafuatwa na 0.j, usiijali. Basi mwenye zamu atie alama kwenye fimbo yake kwenye mita 1 na sentimita 28, na maji yakifika hapo afungue.

Zoezi: ndiva nyingine ina sakafu ya mita 5 kwa mita 8, na kuta zake zimelala vilevile. Tafuta polinomia ya ujazo wake, kisha tafuta kina kinachotoa mita za ujazo 100. Kama madrasani kompyuta ina foleni, anza na daftari. Kwa kina cha mita 1.5 unapaswa kupata 93.75. Ukipata namba nyingine, angalia mpangilio wa vizigeu vyako kabla hujaendelea.